Sentensi Kumi kwa Usiku

Kila usiku, duka likishafungwa na hesabu ya mauzo ikishakaa sawa, hufungua kauntabuku niliyoinunua kwa kazi hii moja tu, nikaandika humo sentensi kumi za Kiingereza juu ya siku iliyopita na juu ya mji wa Bariadi, ambamo nimeishi sehemu kubwa ya umri wangu. Na sentensi hizo, ambazo kwa Kiswahili ningalizimaliza kabla ya chai kupoa, hunichukua saa nzima na pengine zaidi, maana kila neno nilitafutalo huja kwa kusitasita, mfano wa mgeni aliyefika kiamboni asijue mlango wa kubishia ni upi. Nina miaka 49. Mwalimu wangu ni binti wa miaka 24, amehitimu chuo na hajapata ajira, na kila Jumamosi alasiri afikapo kusahihisha huanza kwa kuniamkia, "Shikamoo, baba," nami humwitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha adabu hiyo ikishatimia kila mmoja wetu huhama cheo chake: yeye hushika kalamu nyekundu, nami huweka mikono mapajani kama mtoto wa darasa la tatu.

Sikuyaanza masomo haya kwa tamaa ya kusafiri, wala kwa fahari. Nauza pembejeo: mbegu, mabomba ya kupulizia, na dawa za wadudu wa pamba, katika mkoa ambao pamba ndiyo karo yake, ndiyo mahari yake, na aghalabu ndiyo deni lake. Msimu mmoja ilikuja dawa mpya ambayo maelezo yake ya Kiswahili yalikuwa machache na ya Kiingereza yalikuwa mengi, na mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akanipa chupa nimsomee. Nikasoma kwa sauti ya mtu ajuaye. Palikuwa na neno la asubuhi, nikalitambua. Palikuwa na neno la majani, nikalitambua. Palikuwa na neno la kulowana, nalo nikalitambua. Na katikati yao palikuwa na neno dogo la herufi 6, "unless", ambalo sikulijua, nikaliruka kama mtu arukavyo dimbwi. Nikamwambia apulizie alfajiri, majani yakiwa na umande. Kumbe neno lile dogo maana yake ni "isipokuwa", na maelezo yote yalikuwa yakikataza kile kile nilichomwagiza. Dawa ikateremka pamoja na umande mpaka ardhini, funza wa vitumba wakaendelea na karamu yao, na mzee yule, ambaye hakunilaumu hata kwa neno moja, alinirudishia chupa tupu, akaiweka juu ya meza yangu, akasema kwamba dawa za mwaka huu hazina nguvu. Nami nilijua kwamba dawa ilikuwa na nguvu.

Wala si kwamba sikupata kufundishwa. Mimi ni wa kizazi kilichosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyoamriwa mwaka 1967, kisha tukaingia sekondari na siku ya kwanza tukakuta jiografia, hesabu na kemia zimekwisha vaa Kiingereza. Na kabla ya yote hayo, nyumbani, tulikuwa tumelelewa kwa Kisukuma, hata Kiswahili chenyewe kilikuwa kwetu lugha ya kuendea shuleni na kuachia njiani wakati wa kurudi. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipandishwe kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na ushauri huo haukufuatwa. Mwaka 1984 wachunguzi wawili, Criper na Dodd, wakaandika kwamba Kiingereza cha shule zetu za sekondari kilikuwa katika hali mbaya sana, na tiba iliyokuja baada ya taarifa yao ilikuwa ni kuongeza Kiingereza. Nilikuwa mtoto, sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kibao cha mbao chenye uzi, ambacho katika sekondari niliyosoma alivishwa shingoni yeyote aliyesikiwa akisema Kisukuma au Kiswahili, naye akakivaa mpaka amnase mwenzake. Mara moja nilivishwa kwa sababu nilimwambia rafiki yangu "pole" alipojikwaa jiweni. Nikaulizwa kwa nini sikusema kwa Kiingereza, na hata leo, baada ya kupekua kamusi zote nilizo nazo, sijui ningalisema nini.

Katika kidato cha pili tuliamriwa tuandike insha juu ya mji wetu. Niliandika kwamba mji wetu una stesheni ya garimoshi, maktaba, na bustani ya maua ambamo watu hupumzika jioni, na kwamba katikati yake unapita mto wenye daraja zuri. Bariadi haikuwa na reli wakati ule na haina hata leo. Reli iendayo Mwanza hupita Malampaka, wilayani Maswa, mbali na kwetu. Bustani ya maua sikuwa nimeiona popote ila katika picha ya kitabu. Lakini maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayo, yamepangwa tayari katika somo la tisa, na mji wangu ulipaswa kuingia ndani yake, ama ubaki nje. Nilipata alama 17 kwa 20. Mwalimu, ambaye kila asubuhi alivuka mji huo huo kwa baiskeli, hakuniuliza garimoshi langu lilikuwa likitoka wapi.

Nalieleza jambo hili kwa sababu, miaka zaidi ya thelathini baadaye, ukurasa wa kwanza wa kauntabuku yangu ulikuwa hauna tofauti kubwa na insha ile. Niliandika, kwa taabu nyingi na kwa msaada wa kamusi, kwamba Bariadi ni mji unaokua kwa kasi. Kwamba ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kuziondoa wilaya katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Kwamba mkoa una wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kwamba maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi. Na kwamba wananchi wake hujishughulisha na kilimo na ufugaji. Yote hayo ni kweli. Binti yule alisahihisha sarufi, akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko ukali, "Baba, haya umeyaona au umeyasikia?" Nikamwambia kwamba ni mambo yajulikanayo. Akasema, "Basi usiniandikie yajulikanayo. Andika kilichopita mbele ya macho yako leo, na ukikikosea neno, usikiache ukaenda kuchukua kingine kwa sababu chenyewe kina neno. Kaa na hicho hicho."

Nilikasirika, nakiri. Mtu aliyezaliwa hapa, aliyeuzia baba zao na babu zao majembe, anaambiwa na mtoto kwamba hajauona mji.

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata, mwezi wa Juni, msimu wa kununua pamba ukiwa umekwisha funguliwa, nilisimama mlangoni pa duka saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado halijapata makali. Akapita mtu akisukuma baiskeli. Nikaingia ndani nikaandika: Mtu anasukuma baiskeli. Nikatoka tena kumtazama, maana sentensi ile ilikwisha upesi na mimi bado nilidaiwa tisa. Nikaandika: Ana magunia mawili ya mkaa. Nikaandika: Hapandi baiskeli yake. Nikaandika: Anaegemea upande wa kulia. Kisha nikakwama, kwani nilipotaka kusema kwa nini anaegemea, niliona kwamba sijui. Na ilinilazimu kumfuata kwa macho mpaka kwenye kona ndipo nikafahamu kwamba gunia moja lilikuwa limelazwa juu ya keria, na la pili, lililo zito zaidi, limefungwa ubavuni kushoto kwa mpira wa tairi kuukuu, hata mwenyewe kwa mwili wake alikuwa amejifanya jiwe la mizani upande wa pili, na kwa kila hatua aliukanyaga mchanga kwa guu la kulia kwa nguvu, na la kushoto akaliburuta. Alivaa makatambuga, na kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imekatika, ikafungwa kwa waya. Kwa Kiingereza changu nilisema: Waya umeshika kiatu. Ilikuwa sentensi ya saba, nayo ilinigharimu dakika ishirini.

Sasa nafikiri juu ya mtu yule kwa namna ambayo sijapata kufikiri juu ya wasukuma baiskeli, ilhali wamepita mbele ya mlango wangu kwa maelfu. Kwa Kiswahili ningaliandika kwamba alikuwa akitafuta riziki, na baada ya neno hilo nisingalimwona tena. Kiswahili nakijua, nimekisema tangu utotoni, nimekiombea mikopo na kukitolea rambirambi, na kwa sababu hiyo kina njia zilizokwisha kanyagwa zinazonipeleka mwisho wa jambo kabla sijalitazama: mji unakua kwa kasi, mkulima ni uti wa mgongo, vijana hawana ajira, maisha ni magumu. Maneno haya yana baba zao, yalitoka katika hotuba na redio na vikao vya harusi, nami nimeyapokea kama mtu apokeavyo noti bila kuitazama picha iliyomo. Katika Kiingereza sina noti. Nina sarafu chache za kuhesabika, na kila nitoapo moja natazama ninanunua nini.

Msomaji mwenye insafu atanisimamisha hapa aniulize: kama uchache wa maneno ndio uliokufumbua macho, mbona ulipokuwa mtoto ulikufumba, ukaleta garimoshi pasipo reli? Swali hili nimelikalia usiku mwingi. Maneno ya mtoto yule na ya mzee huyu idadi yake inakaribiana; pengine ya mtoto yalikuwa mengi zaidi, maana kichwa kilikuwa chepesi. Tofauti naiona katika lile agizo la kukaa na kitu kile kile. Mtoto aliogopa kibao, na mwenye kuogopa kosa huandika yale tu anayoweza kuyaandika bila kosa, hata kama hayapo. Mimi sina cha kuogopa ila kalamu nyekundu ya binti aniamkiaye, na kalamu hiyo imekwisha nizoea. Kurasa zangu zina makosa kama shamba lenye magugu. Lakini kila kitu kilichomo kilipita njiani.

Basi nikaendelea. Niliandika juu ya nyuzi za pamba ambazo malori yaendayo kiwandani huziacha kwenye miiba ya kando ya barabara, hata miti ya miiba katika miezi ya kiangazi huonekana imetoa maua meupe ambayo nyuki hawayaendei. Niliandika juu ya mngurumo wa mashine za kuchambulia pamba usiku, ambao sisi tuliozoea hatuusikii ila unaponyamaza. Niliandika juu ya mama auzaye dagaa kwa kopo, ambaye kopo lake limebonyezwa chini kwa ndani, nami nimelijua jambo hilo miaka mingi na hununua kwake vivyo hivyo. Niliandika juu ya mbegu nilizopata kuuza, na hapo mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza, kwa kuwa niliandika kwamba mbegu ya pamba iliyoitwa UK91 ilitoka Uingereza. Nilikuwa nimeziona herufi hizo mbili kwenye mifuko kwa miaka mingi, na tangu nianze kusoma Kiingereza nikajua maana yake, nikajawa na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. Mwalimu, ambaye baba yake ni mkulima, akaniambia kwamba UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi, mkoani Mwanza, mwendo wa saa chache kutoka dukani kwangu. Haikunifurahisha hata kidogo kwamba elimu yangu mpya ilinipeleka London wakati jawabu lilikuwa katika mkoa jirani. Akafuta kwa kiganja neno alilokuwa ameliandika ubaoni kwa chaki. Nayo chaki, kwa kuwa nimeanza kuchunguza vitu, nilitazama kasha lake, nikakuta imetengenezwa Maswa.

Salamu zilinishinda kabisa. Huku kwetu siku haianzi kwa kuchomoza jua. Huanza mtu wa kwanza akikuambia "mwangaluka" nawe ukamrudishia, na alasiri huwa imekwisha ingia pale neno hilo linapokoma na "mwadila" ikashika zamu. Na mkubwa akishaitikia hukuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na za mtu wenu aliyekuwa mgonjwa, kwa mpango usiovunjwa, na mtoto wa kike aliyelelewa vyema hupiga goti wakati huo. Nilijaribu kuliandika hili likatoka kama orodha ya maswali ya polisi. Mwalimu akasema niliache jinsi lilivyo, nieleze tu goti lilivyogusa ardhi na vumbi lililobaki juu yake alipoinuka. Hilo nililiweza.

Ama chakula, nilipata taabu ya aina nyingine. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa vibichi huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza kisha vikaanikwa huitwa matobolwa. Na Msukuma anayechanganya viwili hivi huna haja ya kumuuliza amelelewa na nani. Kamusi ya Kiingereza ilinipa neno moja la viazi, na jingine la kukausha. Nikaandika aya nzima ambamo jua, kisu, sufuria na mwamba wa kuanikia vilipaswa kutajwa kimoja kimoja kwa mpango wa kazi, na nilipoimaliza niligundua kwamba nimeandika maelezo ya kutosha mtu wa Ulaya kutengeneza matobolwa jikoni mwake, ilhali mwanangu mwenyewe, aliyezaliwa mjini hapa na kuyala kila mwaka, hawezi.

Lakini lililonipeleka mbali zaidi ni udongo. Nilitaka kuandika sentensi moja tu, kwamba baba alikuwa na shamba lenye udongo mzuri, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: upi? Kiingereza changu kilikuwa na neno "soil" peke yake. Kiswahili nacho kingenipa udongo, mchanga, tope, mfinyanzi. Ila Kisukuma hakina udongo mmoja. Ukiteremka kutoka kwenye mawe makubwa ya kilimani mpaka bondeni, utakanyaga luseni, ulio mchanga na mwepesi, uwafaao watu wa karanga na viazi. Chini yake itogolo. Utakuta ibambasi, mgumu kama sakafu, ambao maji hayaingii na jembe hulia likiupiga. Na chini kabisa mbuga, mweusi, unaonata wakati wa masika hata ng'ombe wa plau wakakwama, na kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Mpangilio huo kila mtoto wa mkulima huuimba kwa nyayo zake kabla hajajua kusoma.

Nikadhani kwamba hapa, angalau, Kiingereza kimeshindwa, na nikawa na furaha kidogo ya kisasi. Kumbe sivyo. Mwalimu aliyapekua mambo hayo katika simu yake, akanisomea juu ya Geoffrey Milne, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, ambaye katika miaka ya thelathini ya karne iliyopita alitembea Afrika Mashariki akaona jambo lile lile, kwamba udongo hufuatana kutoka kilimani hadi bondeni kwa mpango, kilima hiki na kile na kile. Na asipate katika lugha yake neno la kulitaja, akaazima la Kilatini, catena, maana yake mnyororo, akalitoa kwa wenziwe mwaka 1935. Neno hilo sasa hufundishwa duniani kote. Nalo neno "mbuga" limo katika maandishi ya wataalamu wa Kiingereza waliofanya kazi nchini, limeandikwa hivyo hivyo kwa herufi zetu, kwa maana yetu ya bonde la udongo mweusi. Kiswahili sanifu cha leo, kwa upande wake, kimelipa neno hilo wanyamapori na watalii, hata mtoto wa Dar es Salaam ukimwambia mbuga huona twiga. Nimelitafakari jambo hilo kwa namna nyingi na bado linanishangaza: neno la shamba la mama yangu limehifadhiwa na Waingereza na kubadilishwa na sisi. Labda ni viatu vya yule msukuma baiskeli tu, makatambuga, vinavyolikumbuka ndani ya Kiswahili kama lilivyokuwa, kwa kuwa mbuga ni kitu cha kukatwa kwa miguu.

Ndipo huwa namkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilichoko ng'ambo ya Ghuba ya Speke, ambayo maji yake hugusa Busega yetu. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa mapadre, akajua Kilatini na lugha za Kizungu. Na hata hivyo alipotaka kueleza maisha ya kila siku ya watu wake, namna walivyolima, walivyoposa, walivyouguza na walivyozika, aliyaandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Hakupatikana wa kukichapa kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache kiasi kile. Mzee akaketi akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia, na kikatoka mwaka 1980, kikiitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1981 akafariki. Kiingereza cha kitabu hicho, kilichofanywa na Gabriel Ruhumbika, kikafuata mwaka 2002. Naitazama njia ile, kutoka lugha ya jikoni kwenda ya taifa na kutoka ya taifa kwenda ya ng'ambo, nikaona kwamba sisi wa kidato cha pili tuliamriwa tuianzie mwisho wake. Mimi, Msukuma, mtoto wa kabila kubwa kuliko yote Tanzania, sijapata kuandika hata ukurasa mmoja wa Kisukuma. Si kwamba nilikatazwa. Hakuna aliyeniomba, nami sikujiomba. Rafiki zangu wa barazani hubishana sana kama watoto wafundishwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kila mmoja ana shangazi au mjomba wa kumtolea ushahidi; mimi husikiliza, nikajiuliza ni mtoto gani kati ya hao amepata kuulizwa, kwa lugha yoyote, udongo wa kwao ni upi.

Jumapili ya mwisho wa Julai nilikwenda kijijini kwa mama, upande wa Nyakabindi, nikiwa na kauntabuku chini ya kwapa. Nilimkuta ameketi juu ya kigoda, kisu mkononi, akikata viazi vya michembe, na vipande vilivyokwisha katwa vimetandazwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, vyeupe, vikianza kujikunja pembeni. Nilimwuliza majina ya udongo kutoka juu hadi chini, akaniambia bila kuinua uso, akinyooshea kila mmoja kwa ncha ya kisu, na akaniongezea mawili ambayo sikuwa nimeyasikia tangu babu alipofariki, nikayaandika upesi. Kisha akauliza nimeandika nini humo siku zote hizi. Nikamsomea. Alisikiliza kwa heshima, kama asikilizavyo ibada ya dhehebu lisilo lake, akasema, "Sasa sema kwa lugha ya watu."

Nikafasiri, kutoka Kiingereza moja kwa moja hadi Kisukuma, na Kiswahili kwa mara ya kwanza kikaachwa pembeni kama mtu asiyehusika na kikao. Mama yangu ni mkulima. Baba yangu alikuwa na shamba mbugani, ekari nne. Udongo wake ni mweusi.

Kisu kikasimama.

"Shamba la mbugani halikuwa la baba yako," alisema. "La baba yako lilikuwa kule juu, ibambasi tupu, hata mtama ulikataa. La mbugani nililifyeka mimi, mwaka ule ulipougua surua, nikiwa nimekubeba mgongoni. Nikauza pamba yake ya kwanza, ndiyo iliyokununulia madaftari."

Nilikuwa nimelijua shamba lile maisha yangu yote, nimepalilia humo, nimekula humo matikiti, na kwa Kiswahili na kwa Kisukuma nimelitaja mara elfu kuwa la baba, kama wanavyotaja watu wote mashamba. Nikachukua kalamu, nikakata neno la baba, nikaandika juu yake la mama. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno mafupi, sikuhitaji kamusi.

"Umefuta?"

"Nimefuta, mayu."

Akaokota kiazi kingine, akakigeuza kutafuta mahali pa kuanzia.

"Na zilikuwa ekari tatu," alisema. "Si nne."